Magari ya Safari Rally yapo Zama: namna ya kuyafikia

Kila mtu wa kwetu anayekuja Yokohama kununua magari namwuliza swali moja kabla hatujaenda mnadani: una siku moja ya ziada? Akiwa nayo, nampeleka mji wa Zama, si mbali na Yokohama. Huko, katika eneo la Nissan ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha kuunda magari, kampuni imehifadhi magari yake ya kale, karibu 300 yakiwa yamepangwa katika ghala moja kubwa. Jina lake rasmi ni Nissan Heritage Collection. Kuingia ni bure. Ila hakuna dirisha la tiketi, wala hakuna kufika na kubisha hodi. Usipoweka nafasi mapema, mlinzi wa getini atakurudisha kwa heshima zote, na nauli yako itakuwa imeenda hivyo.

Japani ina makumbusho mengi ya magari, na mimi nasisitiza Zama kwa sababu mle ndani yamo magari yaliyoshinda Safari Rally. Ni yale yaliyopita kwenye tope letu la Kenya, Uganda na Tanzania siku za Pasaka, watoto wakiwa wamejipanga kando ya barabara. Mimi ni mtu wa Nakuru. Baba yangu alikuwa fundi wa Datsun, jina ambalo Nissan iliuzia magari yake siku zile, na nyumbani kwetu madereva wa rali Edgar Herrmann na Shekhar Mehta walitajwa wakati wa chakula kama vile ni jamaa zetu. Nilikua nikiyajua magari hayo kwa masimulizi na picha za magazeti. Ningependa kila Mwafrika Mashariki anayefika Japani ayaone kwa macho yake, na ndiyo maana nitaeleza kwa kirefu.

Anza na kalenda

Nafasi huwekwa kwenye tovuti ya Nissan ya Japani, katika ukurasa wa mkusanyiko huo. Utakuta kalenda ya siku za ziara. Ghala halifunguliwi kila siku, na siku za ziara hubadilika, kwa hiyo usisikilize mtu anayekuambia "wao hufungua siku fulani." Tazama kalenda yenyewe. Nafasi hujaa upesi, maana Wajapani wenyewe wanalipenda sana ghala hili. Ukikata tiketi ya ndege kwanza ndipo ukatafute nafasi, uwezekano ni mkubwa utakosa. Chagua siku ya Zama, kisha panga safari kuizunguka.

Kwa anayetoka nyumbani kuna faida nyingine. Mkenya, Mtanzania au Mganda anahitaji viza kuingia Japani, na ubalozi utakutaka uandike ratiba ya siku kwa siku. Ukishakuwa na nafasi Zama, iandike humo. Inaonyesha kwamba umejipanga.

Fomu ya kuweka nafasi imeandikwa Kijapani. Kivinjari cha simu kitakutafsiria sehemu kubwa, lakini kuna kisanduku kimoja kinachowakwamisha watu: kile kinachotaka jina lako kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni. Ukiandika kwa herufi zetu, fomu inakataa bila kukwambia vizuri imekataa nini. Ingiza jina lako kwenye programu yoyote ya kugeuza herufi, nakili, kisha bandika. Majina yetu mengi hayana taabu: Juma, Wanjiku, Otieno, yote yanaingia bila kuumia. Mwenye "l" kwenye jina lake asishangae kuitwa kwa "r" getini. Halima ataitwa Harima, aitike tu.

Taja idadi kamili ya watu mnaokwenda na usiongeze mtu njiani. Najua desturi yetu, ukimwambia binamu yako unakwenda mahali pazuri naye atataka kuja. Hapa haiwezekani. Hilo ni eneo la kazi la kampuni na kila anayeingia anahesabiwa. Barua pepe ya uthibitisho ikishafika ichapishe kwenye karatasi, au angalau ipige picha ili uipate hata simu ikikosa mtandao. Chukua pasipoti yako pia. Mgeni anatakiwa na sheria ya Japani kutembea nayo wakati wote.

Njia ya treni

Kutoka stesheni ya Yokohama, tafuta reli ya Sotetsu. Stesheni unayoitaka inaitwa Sagamino. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapopotelea: treni ya mwendo wa kasi, ile inayoandikwa Limited Express, haisimami Sagamino. Inasimama Yamato, kisha inaruka moja kwa moja hadi Ebina. Ukishaipanda, shuka Yamato na usubiri treni ya kawaida inayosimama kila stesheni. Sagamino ni ya pili kutoka hapo. Ukisinzia ukajikuta Ebina, vuka upande wa pili urudi stesheni mbili. Huhitaji tiketi ya karatasi, kadi ya nauli ya Suica au Pasmo inatosha.

Kutoka Sagamino hadi getini ni mwendo wa basi au teksi. Mkiwa watatu au wanne chukueni teksi, na onyesheni dereva anwani kwa Kijapani kwenye simu. Msimwambie tu "Nissan," maana Japani nzima ina maduka ya Nissan. Mwambieni Nissan Zama.

Fika nusu saa kabla. Ziara huanza kwa pamoja, kikundi kizima, na Mjapani akisema saa nne ni saa nne. Kula kabla ya kuingia, kwa sababu ziara huchukua kama saa 2 na hutapata nafasi ya kutafuna kitu katikati. Maduka madogo karibu na stesheni huuza wali uliofinyangwa na kufungwa kwa mwani. Unashibisha na bei yake ni nafuu. Kwa Mwislamu anayetaka kupanga swala, mji wa Ebina una msikiti.

Eneo lenyewe lina historia ya kujua kabla hujavuka geti. Kiwanda cha Zama kilianza kazi miaka ya 1960, na hapa ndipo yalipotoka magari mengi mno aina ya Sunny. Watu wa umri wa baba yangu wanaijua Sunny kama gari la mwalimu mkuu na la mwuza duka aliyefanikiwa. Kiwanda kilisifiwa kwa maroboti yake. Kisha mwaka 1995, uchumi ulipobana, Nissan ikasimamisha uundaji wa magari Zama. Ni sehemu ya eneo hilo hilo iliyogeuzwa ghala la kumbukumbu, kwa hiyo usitegemee jengo la marumaru. Vaa viatu vya kutembelea.

Ndani

Mwanzo mtakusanywa na kupewa maelezo ya historia ya kampuni. Kisha kiongozi anawapeleka ghalani. Maelezo ni ya Kijapani. Kama huna mtu wa kukutafsiria, tumia simu, lakini nakushauri usome kidogo kabla ya kwenda ili usihangaike na simu wakati magari yako mbele yako. Ukikuta mwaka ulioandikwa kwa hesabu ya Showa, yaani miaka ya utawala wa mfalme wa zamani wa Japani, jumlisha 1925: Showa 46 ni mwaka 1971. Hesabu hiyo itakusaidia hata kwenye karatasi za mnada za magari ya zamani.

Magari yamepangwa karibu karibu, safu baada ya safu, ya barabarani upande mmoja na ya mashindano upande mwingine. Unayakaribia kuliko kwenye makumbusho ya kawaida. Ndiyo maana tabia ni muhimu. Mkoba wa mgongoni uvae kifuani. Zipu ya koti ifunge isije ikakwaruza rangi. Usiguse hata kwa kidole, hata kama hakuna anayekutazama. Picha unaruhusiwa ghalani, ila njiani kutoka getini usipige picha za majengo ya kazi bila kuuliza. Usimpe kiongozi pesa ya asante. Japani hilo halipo, utamtia aibu. Mwinamie kidogo, sema "arigatō gozaimasu", imetosha.

Ushauri wangu mkubwa juu ya matumizi ya muda ni huu: usipige picha kila gari. Yako karibu 300 na muda wenyewe ni mfupi. Watu huanza na Datsun ya kwanza kabisa, wanapiga picha zote tangu miaka ya 1930, na wakifika upande wa mashindano zimebaki dakika kumi. Tembea haraka kwenye safu za mwanzo, nenda kwenye rali, kaa huko, kisha rudi nyuma kwa muda uliobaki.

Safu ya Safari

Hapa simama.

Ili uyaelewe magari haya ujue kwanza mashindano yalikuwaje. Yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia 1960 yakaitwa East African Safari. Njia ilikuwa ya maelfu ya kilomita, na enzi za Datsun ilizidi 5,000, kwenye barabara zilizo wazi kwa kila mtu. Dereva wa mashindano alikutana na lori la mkaa, basi la abiria na ng'ombe wa watu. Mshindi hakupatikana kwa kukimbia kipande kifupi kilichofungwa. Ulipewa muda wa kufika kituo hadi kituo, na kila dakika uliyochelewa iliandikwa kuwa adhabu. Mvua za masika zikishuka, udongo mweusi ukigeuka gundi, hata gari zuri kuliko yote lilikwama kama mengine.

Nissan iliingia mara ya kwanza mwaka 1963. Mwaka huo magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na hakuna Datsun miongoni mwao. Kampuni nyingine ingerudi kwao ikatafute mashindano rahisi. Hawa walirudi tena na tena. Mwaka 1966 Datsun aina ya Bluebird ikashinda katika daraja lake. Mwaka 1970 Bluebird ya umbo la 510, ikiendeshwa na Herrmann, mkazi wa Kenya, na Hans Schüller akisoma ramani, ikashinda mashindano yote, na Datsun ikachukua pia ushindi wa daraja na wa timu.

Ukifika kwenye hiyo Bluebird, chuchumaa. Usiridhike na kuitazama usoni. Tazama nafasi kati ya tumbo lake na sakafu, kisha tazama magurudumu ya nyuma. Siku zile magari mengi ya bei yake yalikuwa na ekseli moja ngumu nyuma, gurudumu la kushoto likiingia shimoni na la kulia linavutwa. Bluebird hii ilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja likipanda na kushuka peke yake. Kwa mtu anayejua barabara ya murram iliyojikunja kama mbao za kufulia, hapo ndipo ushindi ulipo. Injini yenyewe ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,595, silinda 4, kitu ambacho fundi wa Nakuru aliweza kukifungua chini ya mwembe akakifunga tena. Baba yangu alikuwa akisema Datsun haikuuzwa Kenya na matangazo, iliuzwa na Safari. Watu waliona gari lililoshinda, kesho yake wakaliona dukani likiwa karibu ni lile lile.

Nilipeleka huko mzee mmoja wa Nyeri, mteja wangu wa malori. Kikundi kilikuwa kimesonga mbele, yeye bado ameinama mbele ya Bluebird.

"Mzee, twende, kiongozi anatungoja."

"Ngoja kidogo, kijana wangu. Hii tuliisukuma."

Akanieleza kwamba walikuwa wavulana, gari limezama kwenye tope hadi milangoni, wakalitoa kwa mabega. Kama si hii, basi ni ndugu yake. Nikamtafsiria kiongozi. Kiongozi akatoa kijitabu mfukoni, akamwomba mzee arudie polepole: ilikuwa wapi, walikuwa wangapi, dereva aliwaambia nini. Mzee akasema dereva hakusema kitu, alipiga honi mara mbili akaondoka. Kikundi kizima kikarudi kusikiliza. Tangu siku hiyo nawaambia wageni wangu wasinyamaze kwa sababu ya lugha. Kama una kumbukumbu ya magari haya, yako au ya mzazi wako, itoe. Kiongozi anajua namba za injini kwa moyo, lakini hakusimama kando ya barabara ya Nyeri mwaka ule. Ukiwa na picha ya zamani ya familia mbele ya Datsun, iweke kwenye simu ukamwonyeshe.

Kisha nenda kwenye 240Z ya mwaka 1971, nyekundu yenye bonneti nyeusi, namba 11, ikiwa na sahani ya usajili TKS 33 SA 696. Bonneti ilipakwa nyeusi ili jua lisimrudie dereva machoni. Hii pia iliendeshwa na Herrmann na Schüller, na 240Z ya Mehta ikaja ya pili. Injini yake ni ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393. Gari lenyewe ni la watu wawili, refu puani, lililotengenezwa kwa ajili ya barabara nzuri za Marekani, na ndilo hilo likapelekwa kwenye murram. Mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan waliojiunga katika klabu ya kufufua magari ya kale walilirudishia uhai, likawaka na kutembea tena. Ukilizunguka taratibu utaona alama za safari yake bado zipo mwilini. Kwa maoni yangu ni jambo la hekima kwamba hawakulipaka rangi likang'aa kama jipya. Mikwaruzo hiyo ilipatikana kwetu.

Mwaka 1973 Mehta akashinda kwa 240Z, Lofty Drews akiwa msoma ramani wake. Huo ndio mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali, na Safari ilikuwa mojawapo ya mashindano yake. Mwisho wa njia, Mehta na Harry Källström wa Uswidi, naye pia kwenye Datsun, walikuwa na adhabu sawa sawa. Waamuzi wakampa ushindi Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945, na Kenya ndiyo ikawa nchi aliyoiendeshea.

Halafu kuna Datsun aina ya Violet. Wageni wengi wanaipita kwa sababu umbo lake ni la gari la kawaida la kwenda kazini, wanakimbilia 240Z. Naomba usifanye hivyo. Kwa Violet, Mehta na Mike Doughty walishinda Safari ya 1979, 1980, 1981 na 1982, mfululizo. Ukiongeza ile ya 1973, Mehta ana ushindi wa Safari mara 5, na hakuna dereva mwingine aliyezifikisha. Kwa Nissan jumla ni ushindi mara 7. Simama mbele ya Violet ufikirie: miaka minne, masika manne, maelfu ya kilomita kila mwaka, watu wale wale wawili ndani. Mehta alifariki mwaka 2006. Nikiwa na vijana wa Kenya huwa nawaambia wasome jina lake kwa sauti, maana wengi wanaijua Safari ya Naivasha iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na hawajawahi kumsikia.

Tahadhari moja. Magari haya hayakai ghalani daima. Mengi yanawaka na kutembea, na kampuni huyatoa kwa maonyesho, hasa tamasha la Nismo, tawi la mashindano la Nissan, katika uwanja wa Fuji Speedway mwishoni mwa mwaka. Inawezekana ukafika na moja kati ya hayo niliyoyataja likawa limesafiri. Ukikosa 240Z, bado kuna mengine ya kukutosha.

Ukirudi nyuma

Kwa muda uliobaki, mimi huchagua machache.

Datsun 12 ya mwaka 1933 ina injini ya sentimita za ujazo 748. Ukubwa huo haukutokea kwa bahati. Sheria ya Japani wakati ule iliruhusu gari lisilofika 750 kuendeshwa bila mtihani wa leseni, nao wakaunda gari lililopita chini ya mstari huo. Jirani yake tafuta Datsun 14 ya mwaka 1935 yenye sungura anayeruka juu ya rejeta. Hiyo ndiyo aina iliyotoka kwanza kwenye kiwanda cha Yokohama, gari la kwanza la Japani kuundwa kwa wingi kwenye mstari wa kiwanda.

Tama ya mwaka 1947 ni gari la umeme. Ndiyo, la umeme, miaka miwili baada ya vita, petroli ikiwa haba. Liliundwa na wahandisi waliokuwa wakitengeneza ndege, katika kampuni iliyokuja kuwa Prince, ambayo iliungana na Nissan mwaka 1966. Spidi yake kubwa ni kilomita 35 kwa saa. Linalonivutia ni betri: zimewekwa kwenye masanduku yanayochomolewa ubavuni, unatoa zilizokwisha unaingiza zilizojaa, unaendelea na safari. Ndivyo wanavyofanya leo waendesha bodaboda za umeme Nairobi na Kigali. Mgeni wangu kutoka Kigali aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo cha kubadilisha betri alilipigia picha kuliko magari yote ya mashindano.

Sunny ya kwanza, ya mwaka 1966, mtafutie mzazi wako picha yake. Wapenzi wa Skyline wataiona GT-R ya 1973, ile iliyoundwa 197 tu kabla haijasitishwa, na mimi huwaacha wapige picha kwa amani. R390, gari la mashindano, ilikimbia mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1998 ikawa ya tatu, na timu nzima ya magari 4 ikamaliza ndani ya 10 bora. Karibu nayo, kama imekaa mahali pake, kuna R390 ya barabarani. Ni moja tu.

Usipopata nafasi

Usikate tamaa ukikuta kalenda imejaa. Angalia tena mara kwa mara, hasa siku chache kabla ya tarehe unayoitaka, kwa sababu watu huahirisha na nafasi zao hurudi. Wakati unangoja, makao makuu ya Nissan yako Yokohama mjini, mwendo mfupi wa miguu kutoka stesheni ya Yokohama, na chini kuna ukumbi wa maonyesho ambao unaingia bure bila kuweka nafasi. Humo huwekwa magari mapya unayoruhusiwa kukaa ndani, na mara nyingi machache ya kale yaliyoletwa kutoka Zama. Kwa fundi, ningemwelekeza zaidi kwenye makumbusho ya injini katika kiwanda cha Yokohama, karibu na stesheni ya Shin-Koyasu. Jengo lenyewe ni la miaka ya 1930 na liliwahi kuwa makao makuu ya kampuni. Injini zimepangwa kwa miaka yake, na nyingi utazitambua, maana bado zinafunguliwa kila siku Kirinyaga Road na Kariakoo.

Na ukishapata nafasi kisha mipango ikabadilika, rudi kwenye tovuti uifute, hata ikiwa ni jana yake. Kuna mtu mwingine, pengine kutoka kwetu, anayeitazama kalenda hiyo hiyo.